Taji Chini ya Kinu

Mwezi uliopita Nunu alirudi kutoka Maskati baada ya miaka mingi, akanialika chakula cha mchana katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, mojawapo ya zile zilizokuwa nyumba za watu na sasa unaona haya hata kuegemea ukuta wake. Hatujakaa bado, hata bilauri za maji hazijaletwa, mara sote wawili tukaliona kwa pamoja: bomba la shaba pembeni mwa ngazi, refu kiasi cha kufika mapajani, wenyewe wametilia miavuli. Mimi nina miaka sabini na kitu na magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango. Nunu ana presha na daktari kamkataza kuinama. Tuliinama. Tukaitoa miavuli, tukaliinua lile bomba, tukaligeuza tuone kitako chake. Kijana wa mapokezi akaja mbio. "Bibi zangu, kuna tatizo?" Nunu akamjibu bila ya kuinua kichwa, "Hamna tatizo mwanangu, tunasoma." Chakula kilikuja kikapoa mbele yetu, kwa sababu kuanzia hapo hatukuzungumza kingine isipokuwa ule mwaka wa Mzee Feruzi.

Ulikuwa mwaka wa sita tangu Mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza skuli, nasubiri kupangiwa kazi ya ualimu. Asubuhi nilipanga foleni ya mchele, mchana sikuwa na kazi, na kwa tabia yangu kukaa bure ni adhabu. Siku moja ya Ramadhani nikatumwa kumpelekea futari Mzee Feruzi, aliyekuwa akikaa peke yake chumba cha chini Mkunazini, na naweza kusema sikutoka tena humo mpaka mwaka ulipokwisha. Mzee huyu alikuwa fundi wa silaha wa polisi enzi za Mwingereza, kastaafu, mwembamba, mkali, anajua kila kitu na anataka ujue kwamba anajua. Niliweka bakuli la muhogo wa nazi juu ya meza nikaona makopo ya biskuti yamepangwa mpaka dirishani. Nikauliza yana biskuti kweli? Akafungua moja. Vifungo! Vifungo vya shaba vya sare, mamia, vimefungwa nyuzi kumi kumi: vya polisi, vya mabaharia, vya bendi ya Sultani, vya majeshi ambayo sikujua hata yalipata kuwepo. Kopo jingine lilikuwa na nembo za kofia, jingine nishani zilizopoteza tepe zake. Kila chenye ncha au cha kufyatua alikuwa ameshakipeleka mwenyewe kituoni siku za mwanzo za Mapinduzi, kwenye gari la ng'ombe, na mpaka siku hiyo alikuwa bado ananung'unika kwamba hakupewa risiti.

Nikaokota kifungo kimoja nikasema ni kizuri. Akakipokonya. "Usinambie kizuri. Kizuri hata kifungo cha shati. Nambie kinasema nini." Akanipa miwani yake ya mkono, ile ya fundi saa, akanionesha nanga, kamba iliyoizunguka nanga, na nyuma, maandishi madogo ya mtengenezaji. Kwa mambo matatu hayo alijua kifungo kilivaliwa na nani na takriban lini. Sijui nieleze vipi raha iliyonishika. Miaka yote skuli nilifundishwa historia kwa kuandikiwa ubaoni, na hapa palikuwa na mtu anaisoma kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Nilirudi nyumbani magharibi imeshaingia, wenzangu wameshafuturu, nikala vilivyobaki bila ya kujua nakula nini.

Mzee Feruzi alikuwa na huzuni moja tu: kwamba mji umekauka. Watu wametupa, wameficha, wametumbukiza visimani, hamna tena cha kukusanya. Alikuwa akiyasema hayo huku mimi nachezea kichupa changu cha wanja, na ghafla nikakitazama. Kilikuwa cha shaba, chembamba, kimezibwa kwa kijiti. Nikakigeuza. Chini kilikuwa na duara dogo katikati na namba pembezoni. Nikamuuliza, "Mzee, na hiki kinasema nini?" Alikitazama mara moja, chai ikammwagikia kanzuni. Lilikuwa ganda la risasi ya bunduki, na mimi nimelitia wanja tangu nilipoanza kupaka. "Umelitoa wapi?" Nikamwambia kila nyumba ninayoijua ina kitu cha namna hii jikoni au kwenye kikapu cha mapambo, na hakuna aliyefikiria kukificha, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni cha vita. Akakaa kitako. Miaka thelathini amekusanya mji mzima, na nusu ya mji hajawahi kuingia, kwani nani atamruhusu mwanamume jikoni kwake?

Basi nikamchukua Nunu, rafiki yangu wa skuli kutoka Miembeni, ambaye anaweza kuzungumza na jiwe likamjibu, tukaanza. Kazi yetu ilikuwa hivi. Hatukununua wala kuomba kitu cha mtu, kwa sababu Mzee alisema kitu kikitoka mahali pake kinapoteza nusu ya maneno yake. Tulichukua karatasi za fedha za pakiti za sigara, alizokuwa akituokotea barazani, tukazilaza juu ya alama na kuzisugua kwa mgongo wa ukucha mpaka chapa ikajitokeza, halafu tukazibeba katikati ya kurasa za daftari zisikunjike. Tuliingia kwa hodi na tukatoka tumekula. Malindi tulikuta mfuniko wa birika uliotengenezwa kwa bamba la kofia ya askari. Kiponda tulikuta tufe la chuma la mzinga wa zamani, kubwa kama dafu, bibi mmoja anazuilia mlango. Mzee aliposikia lilivyopatikana, limefukuliwa ufukweni karibu na jumba lililopigwa mizinga na manuwari za Kiingereza zama za babu zetu, alilala na ile karatasi chini ya mto. Nunu alikuta nishani imeshonwa ndani ya kofia ya mtoto mchanga kumkinga na jicho la watu. Kila jioni tulishindana kukimbia Mkunazini nani afike wa mwanzo. Nilikonda, nikawa naota vifungo.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Bi Time. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, akikaa ghorofani Kiponda katika nyumba ya watu wengi, akipika vitumbua na kuviuza asubuhi mlangoni. Jikoni kwake kulikuwa na kidirisha kimoja, ukuta mweusi tii, na harufu ya iliki iliyokuwa ikitupokea tangu ngazini. Iliki aliitwanga kwenye kinu cha shaba ambacho sikupata kukiona mfano wake, kizito, cha mviringo, kimekatwa na fundi kufikia urefu wa mkono mpaka kiwikoni, na kitako chake kimetoka ukingo pande zote. Nilijua mara moja kwamba ni ganda, na si la bunduki bali la mzinga. Niliweka kitumbua chini nikakisogelea. Bi Time akacheka, akasema, "Kitazame, lakini hakitoki humu ndani. Hicho ndicho babangu." Akatusimulia. Alikuwa tumboni bado babake alipochukuliwa pamoja na wengine kwenda bara kubeba mizigo ya jeshi la Kiingereza, vita vya Mjarumani. Vita vilipokwisha mwenzake mmoja akarudi, akamkabidhi mama mtu lile ganda, akamwambia, "Mumeo kanambia nikupe, yeye hayuko tena." Halafu mtu huyo akavuka kwenda Pemba na habari zake zikaishia hapo. Mwezi haukupita akatokea mwingine, akasema muongo yule, babake Time katoroka njiani, kamuona Tanga na mke mpya.

Yaliyosadikiwa ni ya Tanga. Mama mtu hakuweza kukaa eda, maana mume si maiti, na hakuweza kuolewa, maana mume hakumwacha. Akafa hivyo hivyo, si mjane si mke. Na Bi Time hakuwahi kumsomea babake hitima. "Nimsomee nani?" akatuuliza, mchi ukiwa mkononi. "Mtoro?" Tulipokuwa tunateremka, wanawake wawili wa chumba cha chini walikuwa wanachagua mchele uani, na mmoja akasema bila ya kujali tunasikia, "Keshawapa hadithi ya kinu. Kinu kimenunuliwa kwa wachoma shaba hicho, mama'ke alikuwa akitafuta pa kuficha uso." Mwenzake akacheka. Ningeweza kuinyamazia kauli ile, lakini niliamua palepale kwamba sisi ndio tutakaoumaliza ubishi, kwani kama shaba inasema, basi na iseme.

Karatasi yangu ya siku ile haikuchukua mengi. Sehemu za juu za kinu Bi Time alizisugua kila Idi, lakini kitako hakuna anayekiona, hivyo kilikuwa na masizi na mafuta ya miaka hamsini. Kilichojitokeza ni taji, basi. Mzee Feruzi aliliangalia kwa muda wa funda moja la kahawa. "Taji la Mfalme. La manuwari ya Kiingereza hili. Zilikuwa zikitia nanga hapa, maganda yake yakiuzwa kwa wachoma shaba. Andika." Sisi sote tulikuwa tumekulia chini ya taji lile, lilikuwa kwenye stempu, kwenye vifungo vya polisi, kwenye kofia za matarishi. Aliyeliona hakuuliza mara mbili. Na mimi, sijui akili yangu ilikuwa wapi, nilichosikia ni kwamba tumelijua lilipotoka, tumelijua! Nilikimbia mpaka Kiponda, nikapanda ngazi mbili mbili, na mbele ya wale wanawake wa chini waliokuwa wamekaa kwa Bi Time wanakunywa chai, nikasema kwa furaha kubwa, "Bi Time, tumekijua kinu chako! Cha meli ya Kiingereza, kimeuzwa hapa hapa mjini!"

Ni neno langu mwenyewe lililonizindua, lakini lilikuwa limeshatoka. Mmoja wa wale wanawake alisema taratibu, "Si tulisema." Bi Time akanambia ahsante mwanangu. Akakikung'uta kinu maganda ya iliki, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakisukuma uvunguni. Tangu siku hiyo iliki yake aliiponda kwa jiwe, na vitumbua vyake, wallahi, havikuwa vile tena. Nililia njia nzima. Nilimwambia Mzee Feruzi kwamba tumemvunjia mtu nyumba, akanijibu kwamba kweli haina haraka ya kumpendeza mtu, nikamjibu kitu ambacho binti wa miaka kumi na minane hamwambii mzee, nikatoka bila ya kuaga. Hata leo nikilikumbuka tendo langu lile nasikia joto masikioni. Nimefundisha watoto miaka thelathini na tano, na jambo pekee nililokuwa mkali nalo ni mtoto kupayuka jawabu kabla ya kusoma swali mpaka mwisho.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikaa na daftari. Nikazipanga karatasi zote zenye taji sakafuni, za vifungo, za nembo, za mikanda, kiasi cha ishirini, na ile ya kinu katikati. Na hapo ndipo niliposimama wima peke yangu chumbani. Mataji yote ya Kiingereza yalikuwa na mabega ya mviringo, yamevimba kama andazi. Lile la kinu halikuwa na mabega. Lilikuwa limesimama, limebana, na pande mbili zilining'inia tepe mbili. Nilimeza kiburi nikaenda Mkunazini. Mzee alitazama, akasema karatasi imekunjika. Nikasema haikukunjika. Akasema imekunjika. Nikaenda kwa Nunu nikamchorea mchangani lile taji na tepe zake, na kabla sijamaliza alinivuta mkono mpaka chumbani kwa bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anatafuna tambuu. "Bibi, tuoneshe kijaluba." Bibi, mtu wa bara aliyekuja Unguja kijana, alifungua kijaluba chake cha chokaa, na ndani, chini ya popoo, palikuwa na sarafu nyeusi ya shaba aliyokuja nayo. Nunu akaisugua kwa kidole. Taji. Halina mabega, na tepe mbili zinaning'inia. "Hii ndiyo hela yenyewe," bibi akasema, "hela ya Mjarumani." Nunu alipiga ukelele, nami nikaupokea, mpaka bibi akatutukana.

Ilibaki kukipata kinu. Bi Time alitusikiliza amesimama mlangoni, hakutukaribisha. "Mnataka kunambia nini tena?" Nikamwambia, "Nimekukosea. Sitaki kukwambia kitu. Nipe ruhusa nikisafishe kitako, basi." Akasema, "Kisafishe. Angalau kitakuwa safi." Tulikaa uani na ukwaju na majivu, na mswaki wa mti niliokuwa nimeutafuna ncha mpaka ukawa laini, kwa sababu nilijua nikitumia makumbi ya nazi nitakwangua na maandishi. Tulisugua kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Maji yalikuwa meusi, kisha kahawia, kisha ya manjano, na herufi zikaanza kuja moja moja. Chini ya taji, M kubwa. Pembezoni, sehemu ya jina la mji ambao si wa Uingereza hata kidogo. Namba ya mwezi. Na mwaka, ambao ulikuwa mmoja kabla ya vita. Wanawake wa chini walikuwa wameacha mchele wao wanachungulia, na safari hii niliuma ulimi wangu kwa meno, sikusema hata neno.

Mzee Feruzi alizitazama karatasi mbili za kinu, ya mwanzo na mpya, na ile sarafu tuliyoazima. Akavua miwani, akaivaa, akaivua. Nilitarajia abishe. Alinyanyuka akachukua kanzu yake ya Ijumaa na kofia, akasema, "Nipelekeni." Alipita Darajani kwa hatua ambazo sisi wasichana tulizifukuzia. Kiponda akapanda ngazi, akasimama nje ya pazia la jiko la Bi Time, akapiga hodi. "Bi Time, mimi Feruzi. Niliyesema kinu chako cha Mngereza. Nimesema uongo bila ya kujua, na nimekuja kuufuta mwenyewe." Nyumba nzima ilikuwa imetoka vyumbani. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: hili ni ganda la mzinga wa manuwari ya Kijarumani. Manuwari yenyewe ilikufa mtoni huko kusini, wakaitoa mizinga yake wakaikokota bara, porini, wanapigana nayo. "Na ganda haliruki. Kombora ndilo linaloruka, ganda linabaki miguuni pa mpigaji. Aliyeliokota hili alifika pale mzinga uliposimama. Haliwi la bandarini hapa."

Kisha sauti ya Bi Time ikauliza, "Kwa hivyo hakwenda Tanga?" Mzee akafikiri. "Ya Tanga siyajui, sikuwepo. Nnalolijua, yule mtu wa kwanza aliyemletea mamako habari hakusema uongo kuhusu kinu. Na kama hakusema uongo kuhusu kinu, mimi namsadiki na mengine." Leo ninajua kwamba ushahidi ule una matundu, ganda linaweza kuuzwa mkono kwa mkono, na mahakama isingeridhika. Nimeupima mara nyingi na kila mara nimesimama upande wa Mzee. Bi Time alilia, tukamsikia, kisha tukasikia kinu kikiburutwa kutoka uvunguni. Yule mwanamke aliyesema "si tulisema" aliingia jikoni bila ya kuitwa, na alipotoka alikuwa amebeba ungo, anauliza nani ana mchele wa kuchangia, kwa maana hitima haisomwi kwa chai tupu.

Ilisomwa Alhamisi alasiri. Mchele uliletwa kikombe kikombe kutoka nyumba saba, kuku walikuwa wawili kwa watu arobaini, na pilau ile sijala tena mfano wake. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia, udi na ubani umetanda, na Mzee Feruzi mstari wa mbele karibu na shekhe, amejinyoosha kama mwenye shughuli. Mimi na Nunu tulikuwa tumejaa fahari, maana nani angekuwa hapo bila ya sisi? Juzuu zikakamilika. Shekhe akainua mikono aanze dua, akageuka, akauliza, "Marehemu ni nani, bin nani?"

Niliona kwa tundu la pazia watu wote wamemgeukia Mzee Feruzi, ambaye alijua ile shaba imepigwa chapa mwezi gani. Naye akageuka kutazama pazia letu. Nikamtazama Nunu, Nunu akanitazama. Mwaka mzima tulimwita babake Bi Time, na wengine walimwita mtoro, na katika maswali yote niliyokiuliza kile kinu kwa karatasi na ukwaju na majivu, hilo moja sikumuuliza mtu. Bi Time alikuwa kando yangu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti mbele ya wanaume, lakini alinyanyuka mpaka akasimama.

"Makame bin Faki!" akasema. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja mbele za watu, akarudia. "Makame bin Faki, mtu wa Nungwi."

Shekhe akalitaja, ukumbi mzima ukaitikia amin. Bi Time akakaa, akanishika kifundo cha mkono, na hakukiachia mpaka dua ilipokwisha.